Ne Vunda, balozi wa Kongo aliyefika Roma akiwa mugonjwa



Mujini Roma iko jumba moja linaitwa Quirinale. Leo ni pahali anafanyia kazi prezida wa Italia, lakini zamani lilikuwa jumba la Papa. Ndani yake iko chumba kikubwa sana, na juu kwenye kuta wachoraji wa miaka ya 1616 na 1617 walichora watu wamesimama kwenye baraza, sawa vile wanaangalia sherehe inayopita chini. Si watu wa Roma. Ni mabalozi waliotoka mbali kuja kumuona Papa Paulo V: Waajemi wenye vilemba, Wajapani waliofika mwaka wa 1615, na kati yao Mukongo.

Juu ya wale Waajemi kuna vitabu vingi. Juu ya Mukongo, sisi wenye inchi inayobeba jina la Kongo, wengi wetu hatumujui. Shuleni tulisoma Diogo Cão, tukaruka mpaka Stanley na Leopold II, sawa vile katikati hapakuwa na kitu. Miye ni mutu wa agronomia, si wa historia. Lakini huyu mutu nilimufuata kwa muda, na ninaona safari yake inafaa tuieleze vizuri, kwa sababu swali aliloenda nalo Roma bado tunalo: mutu akitaka kusema kwa jina la watu wake, nani anamupa njia ya kufika?

1. Kongo ya wakati ule

Tuanze na kuondoa kosa moja. Ufalme wa Kongo si inchi yetu ya leo nzima. Ulikuwa magaribi, sehemu za muto Kongo karibu na bahari. Muji wake mukubwa, Mbanza Kongo, leo uko Angola, na tangu 2017 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Babu zetu wa Ituri hawakuwa chini ya mufalme yule. Basi sidai ni historia ya kijiji chetu. Ni historia ya jirani aliyetangulia kukutana na jambo ambalo lilitufikia sisi pia nyuma yake.

Wareno walifika kwenye mudomo wa muto mwaka wa 1483. Mwaka wa 1491 mufalme Nzinga a Nkuwu akabatizwa. Mutoto wake Afonso I akajifunza kusoma na kuandika, akawa anaandika barua kwa mufalme wa Ureno. Mwaka wa 1526 alimuandikia kulalamika kwamba wachuuzi wanakamata watu wa inchi yake, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe, na kuwauza utumwani. Mutoto wake Henrique aliwekwa kuwa askofu mwaka wa 1518.

Kwa hiyo tusifikiri ni watu waliokaa tu kungojea kugunduliwa. Kongo ilikuwa na mufalme, majimbo, waandishi wa barua na mabalozi. Ilijua namna dunia ya wakati ule inavyosemezana.

2. Kwa nini kutuma mutu Roma?

Hapa njo kuna kiini cha jambo, na ninaomba musome polepole.

Wafalme wa Ureno walikuwa wamepewa na Mapapa haki iliyoitwa Padroado. Maana yake ni hii: katika inchi ambako Wareno wanaenda, mufalme wa Ureno njo anasimamia mambo ya Kanisa. Anatuma mapadri, analipa gharama, na anapendekeza jina la askofu. Mwaka wa 1596 Papa Clement VIII aliunda dayosisi ya São Salvador, maana Mbanza Kongo ilikuwa na jina hilo la Kikristu. Ni jambo la heshima kwa Kongo. Lakini jina la askofu bado linatoka Ureno.

Tena kuanzia 1580 mufalme wa Hispania alikuwa pia mufalme wa Ureno. Basi mambo ya Kanisa la Kongo yakawa yanapitia Madrid. Na kusini, tangu 1575, Wareno walikuwa wamejenga muji wao wa Luanda, ambako biashara ya watumwa ilikuwa inaongezeka na kusukuma mipaka ya Kongo.

Munaona hesabu ya mufalme Álvaro II, aliyetawala kuanzia 1587 mpaka 1614? Jirani anayekusumbua ni huyohuyo anayekuchagulia askofu, na huyohuyo mwenye meli. Ukitaka kumushitaki, barua yako inapanda meli yake. Álvaro akaona dawa ni moja: kumupita yule wa katikati, aende kwa Papa moja kwa moja. Alitaka ufalme wake uwe chini ya ulinzi wa Roma bila kupitia Ureno, apate mapadri wasiotumikia faida ya Luanda, na atambuliwe kuwa mufalme Mukristu sawa na wafalme wengine.

Si mara ya kwanza kujaribu. Mbele yake Álvaro I alimutuma Duarte Lopes, ambaye alifika Roma na kusimulia mambo ya Kongo. Masimulizi yale Filippo Pigafetta aliyafanya kitabu mwaka wa 1591. Lakini Lopes alikuwa Mureno. Álvaro II akachagua mutu wa damu yake: Antonio Manuel, anayeitwa pia Nsaku Ne Vunda. Jina Ne Vunda si la mutu wa kawaida. Mani Vunda alikuwa mumoja wa wakubwa waliohusika katika kumuchagua na kumusimika mufalme. Kwa hiyo hata kwa jina tu, Kongo ilikuwa inasema: huyu hatukumuokota njiani.

3. Safari ya zaidi ya miaka 3

Aliondoka mwaka wa 1604. Leo kutoka Luanda mpaka Roma ni saa chache za ndege. Yeye ilimuchukua zaidi ya miaka 3, na hii haikutokana na bahari peke yake.

Njia ilimupeleka kwanza Brazili. Msishangae: upepo na maji ya bahari ya Atlantiki yalifanya meli nyingi zipitie kule, na tena Brazili njo kulikuwa soko la watumwa waliotoka Kongo na Angola. Miye kama mutu wa mashamba siwezi kupita hapa bila kusema neno. Muhogo tunaoukausha kwenye barabara pale Marabo, na sombe tunayokula kila juma, asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno njo waliuleta muhogo katika Kongo katika miaka ya 1500, na mahindi vilevile. Njia ileile ya bahari iliyopeleka watu wetu kwa minyororo njo ilileta chakula chetu. Ne Vunda alisafiri kwenye njia ile akiwa mutu huru mwenye barua ya mufalme, wakati wenzake wa ngozi moja walikuwa wanapelekwa kwenye mashamba ya miwa.

Kisha maharamia wa Kiholanzi wakamushambulia na kumupora. Muwaze sasa: balozi anatembea na zawadi, na mavazi, na watu wanaomuzunguka, kwa sababu katika majumba ya wafalme wa Ulaya heshima inapimwa kwa macho. Ukiporwa, hupotezi mali tu, unapoteza nusu ya sauti yako.

Alifika Lisboa, kisha akaenda Hispania. Huko njo akakwama. Wakubwa wa Madrid hawakuwa na haraka ya kumufungulia njia mutu anayeenda kuwalalamikia kwa Papa. Hawakumufunga gerezani. Hawakumukatalia wazi. Walimungojesha. Feza yake ikaisha, wenzake wengi wakafa, yeye mwenyewe afya ikaharibika. Ni ile namna ya kukataa bila kusema hapana, ambayo kila mutu aliyefuatilia karatasi katika ofisi anaijua: "Rudi kesho, mukubwa hayuko."

Hata hivyo hakurudi nyumbani. Kuna karatasi zake zimehifadhiwa Vatikano mpaka leo, na zinaonyesha mutu anayeandika, anayekumbusha, anayetafuta wasaidizi.

4. Siku za mwisho

Alifika Roma mwanzoni mwa mwezi wa 1 mwaka wa 1608, akiwa mugonjwa sana. Papa Paulo V alikuwa amepanga mapokezi makubwa: Ne Vunda aingie muji kwa maandamano siku ya Epifania, tarehe 6, siku ya kukumbuka Mamajusi waliotoka mbali kumuona mutoto Yesu. Munaelewa picha iliyokuwa inatengenezwa: mujumbe mweusi wa mufalme wa Afrika anaingia Roma siku ileile.

Mwili ukakataa. Alilazwa ndani ya jumba la Vatikano lenyewe. Papa mwenyewe akaja kumutembelea kwenye kitanda chake na kumubariki. Usiku wa kuamkia tarehe 6 akafa, akiwa kijana wa miaka kama 33. Maandamano yalifanyika, lakini yakawa ya mazishi.

Walimuzika katika basilika ya Santa Maria Maggiore, moja ya makanisa makubwa kabisa ya Roma. Muchongaji Francesco Caporale alitengeneza sanamu yake kwa mawe ya marumaru ya rangi, uso mweusi, amevaa vazi la wavu la wakubwa wa Kongo na podo la mishale. Warumi walimuita "Nigrita". Sanamu iko pale mpaka leo, sehemu ya ubatizo. Na katika Vatikano iko mchoro ukutani unaomuonyesha kitandani, Papa amesimama karibu yake.

Papa Fransisko naye alizikwa katika basilika hiyohiyo, mwezi wa 4 mwaka 2025. Ni yeye aliyekuja Kinshasa mwanzoni mwa 2023 na kuwapokea watu walioumizwa na vita huku mashariki, kati yao watu wa Bunia. Sijengi unabii juu ya jambo hili. Lakini miaka 415 kisha ya Ne Vunda, mara hii Papa alikuja kusikiliza hapa kwetu, na waliosema mbele yake ni watu wa kawaida.

5. Kwa nini Waajemi wako kwenye ukuta mumoja naye

Ili tumuelewe Ne Vunda vizuri, tumulinganishe na wale waliosimama karibu yake kwenye mchoro.

Shah Abbas I wa Uajemi alikuwa na adui mukubwa: Waturuki wa Ottoman. Wafalme wa Ulaya nao walikuwa na adui huyohuyo. Basi mwaka wa 1599 akamutuma Husain Ali Beg kwenda kwa wafalme wa Ulaya, pamoja na Mwingereza Anthony Sherley. Walipitia Moscow, wakafika Prague kwa Kaizari Rudolf II, kisha Roma mwaka wa 1601. Pale Roma wakagombana wao kwa wao: nani ni mukubwa, nani atangulie mbele ya Papa? Sherley akajitenga. Husain Ali Beg akaendelea mpaka Hispania. Huko baadhi ya watu wake wakabatizwa na kubaki. Mumoja, Uruch Beg, akaitwa Don Juan wa Uajemi, akatoa kitabu mwaka wa 1604, na mwaka uliofuata akauawa mujini Valladolid. Mwaka wa 1609 wajumbe wengine wa Shah wakafika Roma, mwaka mumoja tu kisha ya mazishi ya Ne Vunda.

Ukiweka safari hizi mbili pamoja, unaona mambo matatu.

La kwanza, wote walikuwa wanatafuta rafiki wa mbali juu ya adui wa karibu. Ni siasa ya zamani kama dunia.

La pili, Uajemi ilikuwa na kitu ambacho Ulaya ilikihitaji: jeshi la kumupiga Muturuki, na hariri. Kongo ilikuwa na kilio cha haki. Papa alimuhurumia Ne Vunda na kumuheshimu. Lakini huruma haina uzito wa hariri wakati wafalme wanapiga hesabu.

La tatu, Uajemi ilikuwa na njia zaidi ya moja ya kufika Ulaya. Njia moja ikifungwa, wanazunguka kwa Warusi. Kongo ilikuwa na bahari moja, na meli zilikuwa za mwenye kushitakiwa.

6. Ilizaa nini?

Mutu anaweza kusema: basi alikufa bure. Hapana, lakini tusidanganyane pia kwamba alishinda.

Alichopata ni kutambuliwa. Papa alimuzika kama balozi wa mufalme, si kama mutumishi wa Ureno. Mulango ukabaki wazi kidogo: kisha yake Kongo ikawa na mujumbe wa kudumu Roma, padri Muhispania Juan Bautista Vives. Huyo Vives baadaye alitoa jumba lake kwa ajili ya Propaganda Fide, idara iliyoundwa mwaka wa 1622 ili Roma isimamie mapadri wa mbali bila kutegemea wafalme. Mwaka wa 1640 Roma ikaweka Kongo kuwa eneo la Wakapuchini, na wa kwanza wakafika mwaka wa 1645. Jambo aliloliomba Álvaro II, mapadri wasiotumwa na Ureno, lilifika. Lilichukua miaka kama 40, na mwombaji alikuwa amekwisha kufa zamani.

Ambacho hakikusimama ni biashara ya watu. Ilizidi. Na tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka wa 1665, katika vita vya Mbwila, jeshi la Wareno wa Angola lilimuua mufalme António I wa Kongo. Kisha hapo ufalme ukagawanyika kwa vita vya ndani kwa ndani.

7. Na upande wetu wa mashariki?

Ili musiseme haya ni ya magaribi tu, muangalie ng'ambo ya Ziwa Albert. Mwaka wa 1879 Kabaka Mutesa I wa Buganda, akiona Misri inasukuma kutoka kaskazini, aliwatuma watu 3, Namkaddi, Kataruba na Sawaddu, waende Uingereza pamoja na wamisionari. Walipitia Sudani, wakafika mwaka wa 1880, wakapokelewa na malkia Victoria, wakarudi kupitia Zanzibar. Walionyeshwa heshima na vitu vingi vya ajabu. Lakini mapatano ya kweli hawakurudi nayo, na miaka 14 kisha, mwaka wa 1894, Uingereza ilitangaza Buganda kuwa chini ya himaya yake.

Munasikia ule wimbo mumoja? Njia ni ya wengine, wakalimani ni wa wengine, na anayekupeleka ana shauri lake.

8. Inatuhusu nini sisi wa Marabo?

Sisi tunaokaa kwenye barabara ya Bunia na Komanda tumeona wajumbe wengi wakipita. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi. Tuliona watu wakienda Nairobi mwaka 2022 kwa mazungumzo, na Aru mwaka 2023. Kila mara kijijini swali ni lile lile: nani amekwenda kwa jina letu, na alipewa neno gani aseme?

Nimeshuhudia pia katika kazi yangu ndogo. Walimaji wakichagua mutu aende Bunia kuomba mbegu au kulalamikia vizuizi vya barabarani, mara nyingi nauli inatoka kwa mutu mwingine, na barua inaandikwa na mutu mwingine. Akifika, anasema yale ya mwenye nauli. Hakuwasaliti wenzake. Alipanda tu pikipiki isiyo yao.

Kwa hiyo historia ya Ne Vunda minaisoma kama somo la kazi, na ninaona ndani yake mambo ambayo sisi wenye diploma tunaweza kuyafanya bila kungojea mufadhili. Kuchanga nauli ya mujumbe wetu wenyewe, hata kama ni franga chache kila nyumba. Kuandika barua sisi wenyewe, kwa maneno waliyokubali watu wote katika mukutano, na kubaki na kopi, maana karatasi za Ne Vunda njo zinamusemea leo. Kutafuta njia ya pili na ya tatu, ili mulango mumoja ukifungwa tusibaki nje. Na kutotuma mutu mumoja peke yake, kwa sababu mutu anaugua, mutu anakufa, mutu ananunuliwa.

Tena moja kwa wadogo zetu mulio katika historia na sheria: zile karatasi za Vatikano zinangoja wasomaji wa kwetu. Mpaka sasa wengi waliozifungua na kuziandikia vitabu ni watu wa mbali. Kujifunza Kireno na Kilatini si upuuzi. Ni kujenga meli yetu wenyewe.

Ne Vunda alitumia zaidi ya miaka 3 ili afikishe neno la watu wake, na alipofika hakuwa tena na nguvu ya kulisema. Sisi tunafika Bunia kwa saa chache, na Kinshasa kwa siku moja. Tukishindwa kusema, tutasema kilichotuzuia ni nini?